Ghala Lenye Dirisha

Mimi sikupanda mlima kwa sababu ya afya. Hilo niliseme mapema, maana katika klabu yetu ya jogingi pale Ifakara kila mtu amejifunza kuimba kwamba afya ni mtaji. Nilipanda kwa sababu nilikuwa na swali moja kwa mume wa binti yangu, na nilikuwa nimekosa mahali pengine pa kumbana. Barabarani akiniona anahamia upande wa pili. Sebuleni kwangu hajawahi kukaa. Nikipiga simu yake anampa mke wake kabla sijamaliza kusema haloo. Na nikifika kwao Malinyi nikakohoa mlangoni, kama mgeni yeyote mwenye adabu anavyokohoa, nasikia mlango wa nyuma unafunguliwa na mwanamume mzima anatoka mbio kuelekea kwenye ng'ombe.

Ni mila, najua. Yeye ni Msukuma, wazazi wake waliingia bondeni kwetu na mifugo yao, na kwao mkwe wa kiume hamsogelei mama wa mke wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hali mbele yake, wala hasemi naye bila mtu wa kati wa kupeleka maneno. Binti yangu alinieleza yote hayo kabla ya harusi. "Mama, hiyo ni heshima," akasema. Nikamjibu kwamba sisi Wandamba mtu akikuheshimu anakuamkia. Sikatai, hata bibi zetu walikuwa na mipaka yao na wakwe, lakini siku hizi mkwe wa jirani yangu anakuja kula samaki na kumtania kwamba chumvi imezidi. Kuelezwa mila ni jambo moja. Kuachwa umesimama mlangoni peke yako, na kikapu cha mchele kinakuelemea kichwani, ni jambo jingine kabisa, na mimi lilikuwa linanichoma.

Hata hivyo ningelimeza. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, karibu anaingia mwezi wake, na alikuwa ananibembeleza niende Malinyi nikamhudumie akishajifungua. Nilikuwa nimeanza kulainika. Ndipo mama mmoja anayeleta samaki wakavu kutoka huko akaketi kwenye kibaraza changu, akanywa maji yangu yote, kisha akasema, "Mkweo anajenga nyumba ya pili uani."

Nikamjibu kwamba binti yangu alishanitajia, ni ghala la mpunga.

"Ghala," akasema, huku anakunja kanga yake taratibu. "Mwenzangu, ghala gani lina dirisha? Na kitanda nimekiona kinaingizwa, kwa macho yangu haya."

Basi usingizi ukaisha. Baba yake yule kijana ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake katika uwanja mmoja, na wanaishi vizuri tu, sina neno nao. Lakini binti yangu hakuolewa kwa makubaliano hayo. Mwanamume anayejenga nyumba ya pili wakati mke wake hata kuinama kufunga viatu hawezi, anamjengea nani? Nikaamua. Kama ni mke mwenza, binti yangu hakai tena Malinyi, atajifungulia kwangu na atakaa kwangu, na kila mtu aseme atakavyo. Kama siyo, nitafunga mzigo wangu niende. Binti mwenyewe sikuweza kumuuliza. Presha yake ilikuwa inapanda, kliniki walishaonya asipewe mawazo. Kama hajui kitu, sikutaka awe amekisikia kwangu.

Safari ya mlimani ilikuwa ya klabu, na kila mwanachama aliruhusiwa kuja na ndugu. Binti yangu akapata wazo lake la ajabu. Waje wote wawili Ifakara, mumewe aende na mimi mlimani, yeye abaki nyumbani kwangu na miguu yake iliyovimba. "Mkitembea pamoja siku nzima mtazoeana," akasema. Nikakubali haraka mpaka akanitazama mara mbili. Njia ya mlimani, nilijiambia, ni nyembamba. Atakimbilia wapi?

Asubuhi ile tuliamkia Mang'ula, kwenye nyumba ya wageni karibu na geti la hifadhi. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani mwenye filimbi shingoni na tumbo ambalo jogingi haijalifikia bado, alitugawia fulana za njano alizoshona mwenyewe. Mkwe wangu alipewa ya mwisho, ikamwishia kwenye kitovu. Chini alivaa makatambuga ya tairi, na mkononi alikuwa na fimbo yake ya kuchungia. Niliposogea alisogea. Nilipozunguka nyuma ya choo ili nimtokee mbele, nilimkuta askari wa hifadhi akiangalia bunduki yake, na yule bwana alikuwa tayari upande wa pili wa uwanja, anasoma ubao wa maelekezo ulioandikwa Kiingereza, ambacho hakijui.

Askari akatueleza tutakavyokwenda. Tutapanda kwa njia ya huku, tuvuke mgongo wa mlima ndani ya msitu, tuteremkie upande wa pili karibu na maporomoko, ambako gari litatusubiri. Tutembee kwa mstari mmoja, asiachwe mtu, na spika ya muziki ibaki kwenye gari. Mwenyekiti akabisha kuhusu spika. Walibishana mpaka jua likapanda, na wakati huo wote mimi na magoti yangu tumesimama.

Sasa fikiria mila ile kwenye njia ya mtu mmoja. Mkwe hawezi kunitangulia, maana atanipa mgongo. Hawezi kunifuata, maana kwenye mwinuko ule mtu aliye nyuma yako hana kingine cha kutazama ila mgongo wako na yaliyo chini yake. Akaamua kwenda mwisho kabisa wa mstari, watu wote wakae kati yetu. Uamuzi mzuri, ila hakuhesabu magoti yangu. Kabla hatujaacha kusikia lori za miwa barabarani, kila mtu alikuwa amenipita, huyu akisema "pole mama", yule akisema "jikaze mama", na mwisho nilibaki mimi na nyuma yangu yeye.

Niliposikia makatambuga yake nyuma, moyo ukafurahi. Nikageuka ghafla.

"Wewe kijana, nina neno na wewe."

Alikuwa ameshageukia mti. Alikuwa anautazama kuanzia mizizi hadi majani, kwa makini, kana kwamba anataka kuununua. Nikangoja. Akaanza kutazama mti wa pili. Nikaendelea kupanda, naye akaendelea. Nikasimama, akasimama. Hivyo ndivyo tulivyopanda mlima ule. Wenzangu walirudi wakisimulia mbega wekundu walivyoruka juu ya vichwa vyao. Mimi nilichokiona ni kisogo cha mkwe wangu.

Tulipofika kwenye uwazi wa juu, mahali ambapo bonde lote linaonekana, miwa ya kijani huku na mashamba ya mpunga kule hadi mto unakopotelea, mwenyekiti alipuliza filimbi ya chakula. Watu wa Ifakara hatuli mkate tukasema tumekula. Tulikuwa tumebebana na mahotpoti ya wali mlima mzima, wali wetu wa mbegu zetu, na samaki wa kukaanga juu yake. Nikafunua langu. Pale pale yule bwana akanyanyuka na kuingia msituni, maana hawezi kuniona nikitafuna.

"Bwana! Rudi! Huko kuna tembo!" askari akapiga kelele.

Akarudi. Nikanyanyua kijiko. Akaondoka tena.

"Jamani, huyu ana nini?" askari akauliza. "Anaumwa tumbo?"

Mwenyekiti akaelezwa, na akafanya lile ambalo mwenyekiti yeyote wa kwetu angelifanya: akaitisha kikao. Juu ya mlima, wali unapoa. Akafungua kikao, akaomba maoni, akamtaka kila mchangiaji awe mfupi, kisha yeye mwenyewe akaongea mpaka inzi wakatuzoea. Dada mmoja akapendekeza nifunikwe kanga nikiwa nakula. Mwingine akasema ni vyema mama mkwe asile kabisa, kwa kuwa ni mmoja tu na wengi wape. Mkwe wangu alikuwa amesimama pembeni ameegemea fimbo, anatazama chini kwa aibu, na kwa kweli kwa dakika ile nilimwonea huruma. Halafu nikalikumbuka lile dirisha, huruma ikaisha. Nikafunika hotpoti langu nikasema sina njaa. Nilikuwa na njaa hadi masikio yanalia.

Mvua ilitukuta tunateremka. Mvua ya mlimani haipigi hodi. Njia ikageuka kuwa utelezi mtupu na mizizi, na wenzangu, waliokuwa na hamu ya kulifikia gari, wakaongeza mwendo huku wanaimba nyimbo za jogingi. Askari alikuwa mbele kabisa anamshika mkono mwenyekiti, ambaye kushuka kulimshinda kuliko kupanda. Nikasikia nyimbo zinapungua, zinapungua, kisha nikasikia mvua peke yake.

Mguu wangu wa kushoto ukatangulia, na mimi nikafuata. Nilikwenda kwa makalio pembeni ya njia, nikapita vichaka, nikaona korongo lenye mawe linakuja, nikadaka mzizi. Miguu ikawa haina pa kukanyaga. Nikapiga ukelele ambao sikujua kama bado ninao.

Alikuja mbio. Alifika ukingoni, akaniona, na palepale akageuza uso.

"Nishike mkono!" nikamwambia. "Nishike mkono, wewe!"

 Akaugeukia mti mkubwa uliokuwa karibu naye, na kwa sauti kubwa, tulivu, akauambia, "We mti, mwambie mama asiachie huo mzizi."

Nimewahi kukasirika maishani. Nilikasirika mume wangu alipouza baiskeli yangu bila kuniuliza, Mungu amrehemu. Lakini hasira ile ya korongoni sijapata kuiona tena.

"Mti? Mimi naning'inia hapa, wewe unaongea na mti?"

"Mwambie mama fimbo inakuja. Aishike kwa mikono miwili, asiogope, mimi siachii."

Fimbo ikaja. Nilipoinua macho nilimwona amelala kifudifudi kwenye tope, mguu mmoja ameuzungusha kwenye shina, uso ameupeleka upande wa pili, shavu lote limezama kwenye matope, ananyoosha fimbo bila kutazama inakokwenda. Nikaishika. Akavuta. Mimi si mwanamke mwepesi, na alivuta mpaka nikasikia anakoroma kwa nguvu, ila hakugeuka. Nikafika juu kwa tumbo, nikalala pale mvua ikininyeshea mgongoni, nikalia kidogo, nikajifuta.

Goti lilikuwa limekwisha. Aliita wenzetu, hakuna aliyeitika. Basi akanitangulia, mgongo kwangu, kwa kuwa sasa hakukuwa na namna, akaipeleka fimbo nyuma. Nikashika ncha yangu, naye ncha yake. Tukaanza kuteremka, na kila mti tuliopita ukapewa kazi.

"Mwambie mama hapo kuna jiwe linateleza."

"Mwambie mama ainue mguu, kuna siafu."

"Mwambie mama apumzike kama amechoka."

Mwanzo nilisonya. Nilisonya kila mti. Kisha, mahali fulani kwenye mteremko ule, nikiwa nimeloa hadi kwenye mifupa, akili ikanijia. Mti ukiweza kuleta maneno, utashindwaje kuyapeleka? Nikasimama. Fimbo ikakaza, naye akasimama. Nikatafuta mti mnene wa kutosha swali langu, na mimi, mama wa kanisani, mtu mzima mwenye jina lake mtaani, nikausemesha.

"We mti, niulizie huyu bwana. Lile ghala lake lenye dirisha, lenye kitanda ndani. Atalala nani?"

Akajifuta tope shavuni kwa mkono ulio huru, bado mgongo kwangu. 

"Mwambie mama," akasema, "ni mimi."

Nikauambia mti sijaelewa.

"Mwambie mama nyumba yetu ni ndogo. Akija kumhudumia binti yake, na mimi nimo humo humo, hatapumua. Akitaka kwenda uani atanikuta, akitaka kula atanikuta, kila mara mmoja wetu awe anajificha. Mgeni hawezi kuishi hivyo, na huyu si mgeni. Kwa hiyo mimi nitatoka. Nyumba itakuwa yake na binti yake na mtoto, wakae mpaka wachoke wenyewe. Mimi nitalala ghalani na mpunga wangu."

"Na mkewe mbona amemficha?"

"Angekataa. Angesema baba wa mtoto halali nje kama mlinzi. Nilitaka mama afike kwanza, ndipo ajue."

"Na dirisha? Muulize la nini."

Alikohoa kidogo. "Mwambie mama linatazama chumba cha mzazi. Ili mtoto akilia usiku, nisikie."

 Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga na ile fimbo. Hasira niliyoipandisha toka Ifakara, niliyoilisha njiani na kuinyima wali, sasa haikuwa na pa kuteremkia. Kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni kwake mara zote zile, nikihesabu kwamba ananikimbia, kumbe mtu ananiachia nyumba yake. Na angelisema tu! Lakini angelisema na nani, kama katikati yetu hapakuwa na hata mti?

"Mwambie huyu bwana atembee," nikasema. "Tutakufa na baridi hapa kwa maneno."

Tukatembea.

Chini tulimkuta mwenyekiti amekaa kwenye gari, ameshapuliza filimbi ya kutafuta waliopotea, kwa maelezo yake, mara nyingi sana. Alipoona tumefika alitaka picha ya pamoja kabla ya chochote, hata kabla ya goti langu. Akanishika bega akanisimamisha katikati, akamvuta mkwe wangu kwa fulana yake fupi aje kusimama kando yangu. Kijana akawa anarudi nyuma, macho yameshaanza kutafuta mti.

"Mwache!" nikafoka, hadi askari akageuka. "Mwache asimame anapotaka."

Nikachechemea hadi mwisho wa mstari, nikageuka nikaipa kamera mgongo, ili naye aweze kusimama mwisho wa pili na kutazama mbele kama watu. Picha hiyo ipo kwenye kundi la simu la klabu. Watu wote wanacheka isipokuwa mimi, ambaye naonekana kisogo na kanga yenye tope, na mwenyekiti mpaka leo anasema niliiharibu.

Juma lile lile nilifunga mzigo wangu nikaenda Malinyi na goti lililofungwa bendeji. Binti yangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Alipojua nani atalala ghalani alinuna, akasema yote aliyosema mumewe kwamba angeyasema, hata lile neno la mlinzi. Nikamwambia amwache baba wa mtoto.

Siwezi kudanganya kwamba nimeizoea mila hii. Inanichosha. Kifua changu ni kizima, lakini nakohoa kutwa, kila ninapotaka kutoka nje, ili apate nafasi ya kupita. Asubuhi anapoleta maziwa anayaweka kwenye kizingiti, anageukia zizi, na anasema kwa sauti, "Mwambie bibi maziwa haya hapa." Anayeambiwa ni mtoto niliyempakata, ambaye hata shingo yake haijakaza.

Jana mtoto alilia karibu usiku kucha. Asubuhi nikamwambia, kwa sauti ya kufika uani, "Mwambie baba yako nimeona dirisha lake liko wazi usiku kucha, na yeye mbu wa huku anawajua. Afunge alale, mtoto yuko na watu."

Akasimama na ndoo yake, mgongo kwetu.

"Mwambie bibi," akasema, "dirisha lile sikuliwekea cha kufungia."

Nikaingia ndani, nikafungua chandarua nilichokuja nacho cha ziada, nikakitundika kwenye msumari wa nje. Kisha nikakohoa, nikafunga mlango, ili aje kukichukua.